Kicheko cha Hajati Kaltumi

Sundus alikuwa amechoka mpaka macho yalimwasha. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kiti kilekile, ghorofani katika mtaa wa Kabalagala, juu ya baa iliyoosha chupa mchana kutwa, akiutazama uso wa shangazi yake kwenye kompyuta. Uso wenyewe ulijaa vidoti vyeupe, utadhani ana tetekuwanga. Vidoti hivyo ndivyo vilivyoendesha uso wa bibi wa katuni: kidoti cha shavu kikipanda, na shavu la katuni linapanda. Kazi ya Sundus ilikuwa kuhakikisha programu haipotezi hata kimoja.

Na ilivipoteza, wallahi! Shangazi Kaltumi akiongea, hakuna neno, vidoti vinafuatwa vizuri. Balaa lilikuwa kicheko. Kila alipocheka, mkono wa kulia ulipanda wenyewe ukafunika mdomo, kama mama yake alivyomfunza tangu msichana. Programu, maskini, ikikosa vidoti vya mdomo ilishika chochote cheupe kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kito cha pete yake. Basi mkono ukishuka, mdomo wa katuni nao unaufuata mpaka kifuani. Siku ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa hakuna aliyecheka.

Sundus alivirudisha kwa mkono, kimoja kimoja, picha baada ya picha. Na kicheko cha Hajati si cha haraka. Kinaanzia tumboni, kinapanda, kinapumzika njiani, kinaanza upya. Wateja wa soko la Kikuubo walipita maduka mengine ya sufuria wakaja kwenye duka lake kwa sababu ya kicheko hicho. Wenye katuni, huko Nairobi, walisikia sauti yake tu kwenye simu wakasema: huyo huyo, na kicheko hicho hicho, la sivyo kazi tunaipeleka kwingine. Na kazi ikienda kwingine, studio inafungwa. Sundus ndiye aliyembembeleza shangazi yake aje.

"Banange, Sundus, hii mkono itatuua," Siraje, mwenye studio, alisema akiwa amesimama nyuma yake. "Ambia Hajati awache kufunika."

"Amefunika maisha yake yote, Siraje."

"Kale, haya, na wewe utarekebisha maisha yako yote? Angalia macho yako, nyabo."

Mtu aliyechoka hachagui njia, hushika iliyo fupi.

Kesho yake, akimpaka shangazi vidoti, alisema, "Shangazi, nina ombi, usiudhike. Ukicheka, usifunike mdomo."

Shangazi Kaltumi akamtazama kana kwamba ameambiwa avue mtandio sokoni. "Nicheke mdomo wazi mbele ya mwanamume?"

"Siraje atatoka nje."

"Na kamera?"

"Kamera si mwanamume, Shangazi."

"Ehe! Na watakaotazama ni nani, paka?" Akacheka mwenyewe kwa maneno yake, na mkono huo, mdomoni.

Wakajaribu wiki nzima. "Mkono, Shangazi," Sundus alisema. "Nisamehe, mwanangu." Tena. "Mkono." "Astaghfirullah, umeponyoka." Mwishowe shangazi akaikalia mikono yake miwili, akaikandamiza kwa mapaja, akatazama kamera, akacheka. Ha, ha, ha. Programu ikaenda mpaka mwisho bila kupoteza kidoti.

Siraje alirudi ndani akapiga makofi. Sundus akavitazama vidoti vya machoni. Vilikuwa vimetulia tuli, havikusogea hata kidogo. Kwenye picha zile zilizoharibika, juu ya mkono, macho yalifinyika na mashavu yakaruka. Aliiona tofauti, tena vizuri sana. Lakini kuanza tena? Kuvirudisha tena kimoja kimoja? Mwili ulikataa. Akatuma kile kicheko safi, na Nairobi wakajibu kwamba ni sawa, asanteni. Aliona haya, halafu akaenda nyumbani akalala fofofo.

Ijumaa moja baada ya hapo akaenda Kibuli kula pilau kwa shangazi. Muhamadi, mume wa shangazi, mtu wa utani kupita kiasi, alikuwa akisimulia jinsi alivyonunua viatu soko la Nakivubo kwa haraka, kufika nyumbani vyote viwili vya mguu wa kushoto, na jinsi alivyovivaa hivyo hivyo mpaka msikitini ili asionekane mjinga. Chumba kizima kikaangua kicheko. Sundus akamgeukia shangazi, maana alikuwa na hamu ya kicheko kile kama mtu mwenye kiu.

Mkono wa shangazi ulianza kupanda. Akaushika kwa ule mwingine, akaikalia yote miwili. Ha, ha, ha.

"Vipi, Kaltumi?" Muhamadi akauliza, tabasamu limemwishia. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ndivyo inavyotakiwa. Muulize Sundus, yeye amesomea."

Sundus akarudisha tonge sahanini. Shangazi akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye shukrani, "Miaka yote hii, mwanangu, kumbe nilikuwa nacheka vibaya, na hakuna aliyeniambia. Hata mume wangu alinyamaza. Mungu akubariki."

"Hapana, Shangazi." Machozi yalimlenga, na hakujali nani anatazama. "Hukuwa unacheka vibaya hata siku moja. Programu ndiyo ilishindwa. Mimi nilikuwa nimechoka tu. Cheka kama zamani, nakuomba."

Shangazi Kaltumi akampapasa shavu, kama unavyompapasa mtoto aliyekudanganya kwa adabu ili usione haya, akamwongezea nyama.