Kahawa Isiyopoa

Saa tisa alasiri ya Jumapili, mjini Jena, Daktari Irmtraud Kessling alikata keki ya tufaha, akamimina kahawa katika vikombe vinne, kisha akatumbukiza kipimajoto katika kila kimoja. Hakuna mgeni aliyeuliza sababu. Tangu serikali ya chama kimoja ilipoanguka majira ya baridi yaliyopita, kahawa ya mtu aliyewahi kuwapelekea polisi wa siri habari za wenzake ilikuwa haipoi. Aliyeomba maji badala yake alitiliwa shaka maradufu.

Irmtraud alikuwa mwanafizikia. Kwa miaka kumi na tisa alipima joto la gesi na kuikwepa siasa. Sasa alikuwa ameiingia kwa jambo moja tu: kumjua aliyemfungisha jela kaka yake, Wieland, miezi ishirini, kwa mzaha alioutamka kwenye meza hiyohiyo, mbele ya wageni hawahawa wa leo na mke wa Wieland. Siku hiyo chama chao kidogo kilipaswa kumchagua mgombea wake wa kwanza, na jina lilitakiwa lifike ofisi za mji kwa barua rasmi kabla ya saa kumi na mbili.

Walijadili paa la shule lililokuwa likivuja. Saa kumi kasorobo Irmtraud alisoma vipimo. Chake: nyuzi thelathini na moja. Cha Wieland: thelathini. Cha muuguzi Gudrun Pätz: ishirini na tisa, kwa kuwa alitia maziwa mengi. Cha Eckart Brömel, mwenzao wa kwaya: sabini na nne.

"Eckart, mbona hunywi?" Gudrun aliuliza.

"Nangoja ipoe, bibie."

"Utangoja mpaka uote mvi za kope."

Wieland aliweka uma chini. "Kumbe ni wewe, bwana. Mimi nilimshuku mke wangu mpaka tukaachana."

Eckart alikipuliza kikombe chake. "Nani kati yenu anaweza kuandika barua ya kiserikali?"

Gudrun alimtazama Irmtraud, Irmtraud akamtazama Wieland. Hakuna aliyeweza.

"Kusema kweli, dada," Wieland alimwambia Irmtraud, "huyu anaandika vizuri. Hakimu alinisomea kurasa zote kumi na moja za taarifa yake juu yangu. Hata koma haikupotea."

Saa ilikuwa ikienda. Mikono minne iliinuliwa kumchagua Eckart awe mgombea, wa Irmtraud ukiwa wa mwisho.

Kumbukumbu za kikao aliziandika Eckart mwenyewe. Zilikuwa kamili: nani alisema nini, saa ngapi, na nani aliuinua mkono akisitasita.