Maumivu Yanayojua Kalenda

Mwalimu Kerosi alitaka nishinde kule Homa Bay ili anipeleke Kisumu, kwenye mashindano ya mkoa. Nami nilitaka, tena kuliko yeye. Mwaka ule wa 1966 shule yetu ya Oyugis ilikuwa na uwanja mmoja wa tenisi na msichana mmoja wa kuringia, na huyo alikuwa mimi, Nyaboke.

Basi akanichezesha asubuhi kabla ya uji, na jioni mpaka mpira usionekane. Mkono wa kulia ukaanza kuuma, juu kidogo ya kiganja, mahali padogo pa kufunikwa na kidole. Nilipomwambia, alinipa dawa ya kuchua akasema misuli inakomaa.

Kwetu ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, sishiki raketi mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Jumapili mkono ulikuwa umetulia, na katikati ya juma ulikuwa unawaka tena. Nikakosea, nikamwambia mwalimu na hilo pia. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hii maumivu yako inajua kalenda! Sabato inapona, Jumatano inarudi. Hiyo si ugonjwa, ni uvivu."

Wasichana wakaniita Kalenda. Iliniudhi, maana ushahidi ulikuwa pale pale, mwalimu akiukanyaga: mkono ukipumzika, unapata nafuu. Mfupa ulikuwa umeshaingia ufa, kama daktari alivyokuja kutuambia baadaye. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Homa Bay tulicheza Ijumaa alasiri, na mpinzani wangu alikuwa msichana kutoka Migori. Seti ya kwanza nilimshinda. Ya pili, nilipoinua mkono kuanzisha mpira, raketi ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaponyoka tena. Nikaiacha chini, nikamwendea mwamuzi, Madam Jedidah, nikamwambia siendelei.

Mwalimu Kerosi akaja mbio. "Usimsikize, Madam. Jua inakaribia kushuka, sasa ameanza Sabato yake mapema."

Uwanja mzima ukacheka. Damu ilinichemka. Nikamnyoshea mkono mbele ya wote.

"Bonyeza hapa, Mwalimu. Na kidole moja tu."

Akatabasamu, akabonyeza. Nilipiga yowe hata wauza karanga wakanyamaza. Machozi yakanitiririka nami sikuyafuta. Kisumu nilikuwa naitaka, Mungu anajua, na niliiona ikiniacha. Lakini mkono sikuurudisha.

"Bonyeza tena," nikamwambia. "Si ulisema ni uvivu? Bonyeza!"

Mwalimu akautazama mkono wangu, akamtazama Madam Jedidah, kisha akaitia mikono yake mifukoni.