Mazoezi ya Mzee Mita

Mume wangu alianza kustaafu miaka mitatu kabla ya kustaafu. Sitii chumvi. Alikuwa msoma mita za maji, kazi ya kuingia nyua za watu, kuinama, kufuta kioo cha mita kwa kidole gumba na kuandika tarakimu, na kwa miaka thelathini na minne mtaa mzima ulimwita Mzee Mita. Siku moja alirudi kutoka kwenye semina ya wafanyakazi wanaokaribia kustaafu, akatoa karatasi mfukoni na kuibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni. Juu yake palikuwa na kiasi cha pensheni atakayolipwa kila mwezi, basi.

"Kuanzia leo tunaishi kwa hiki," akaniambia. "Kinachobaki kwenye mshahara kinaenda benki. Hatungoji siku yenyewe ndiyo tuanze kujifunza. Tunafanya mazoezi."

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa mkata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, na nilijua kukibana kitambaa mpaka kitoe suruali mbili pale wenzangu walipopata moja na kipande. Kubana matumizi hakukunitisha. Gazeti likaondoka kwanza. Nyama ikawa ya Jumapili tu. Sabuni ya mche akaikata kwa uzi vipande sita sawasawa, akaandika kwenye kalenda siku ambayo kila kipande kinapaswa kuisha, nacho kikaisha siku hiyo, maana nani angethubutu? Nikilalamika, ananyoosha kidole kwenye kabati.

Nimpe haki yake, ingawa sipendi. Mwenzake mmoja, fundi bomba, alistaafu mwezi mmoja naye, akachukua kiinua mgongo chote na kununua lori kuukuu ili awe tajiri kabla ya Krismasi. Sasa lori limekaa juu ya mawe na fundi bomba huja kwetu kuomba hela ya dawa. Sisi hatukumgongea mtu mlango. Mtoto wa mwisho alimaliza chuo, bati likabadilishwa, na usiku tulilala usingizi wa watu wasiodaiwa. Kwa hayo mume wangu alikuwa na akili kuliko wengi, na nilimwambia hivyo mara nyingi, labda mara nyingi mno.

Lakini mimi nilikuwa na treni yangu.

Tulipooana tu, tulisafiri kwenda kwa wazazi wake tukiwa daraja la tatu, kwenye benchi la mbao. Tukipita kutafuta nafasi, tulikuta mlango wa chumba cha kulala uko wazi. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, shuka nyeupe zilizopigwa pasi na meza ndogo dirishani. Akasimama, sanduku letu begani, watu wakimsukuma kwa nyuma. "Siku moja tutalala humu, mimi na wewe, mpaka mwisho wa reli," akasema. Sisi tulishuka katikati ya njia. Huko mwisho wa reli sijawahi kufika, na kwa miaka thelathini na minane nimekitamani kile chumba.

Nikisema kweli, nilimtamani zaidi yule kijana mwenye sanduku. Safari ile ile alininunulia machungwa kwa nusu ya nauli yetu ya kurudia, kwa sababu tu nimeyatazama, na tuliporudi tulitembea nusu ya njia kwa miguu tukicheka kama watu wasio na akili. Sijui alikwenda wapi. Aliyebaki nyumbani kwangu alikuwa na mkono wa birika na kalenda ya sabuni.

Alipostaafu kweli walimpa saa ya ukutani. Nilingoja abandue karatasi ya kabatini. Akaibandua. Kisha akabandika nyingine, yenye kiasi kidogo kuliko cha kwanza. Ile ilikuwa ya kustaafu, akanieleza, na hii ni ya uzeeni, kwa kuwa dawa zitapanda bei. Mita aliziacha, mazoezi hakuyaacha. Kuhusu treni alisema mwaka ujao. Mwaka ukaja, akasema mwaka ujao. Mimi nami nikaacha mkasi, nikaanza kuvaa miwani. Goti lake likavimba, akawa anashuka ngazi za barazani kwa ubavu, akishika ukuta. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, alisema kwenye simu kwamba goti hilo halitapona kwa kungojwa.

Ijumaa moja nikamwuliza mara ya nne. "Mwaka ujao, mama," akasema. "Hela iache ipumzike." Sikumgombeza. Nilinyamaza, na yeye ambaye ananijua angepaswa kuogopa.

Jumatatu asubuhi niliweka mezani kikombe kimoja.

"Changu kiko wapi?"

"Nafanya mazoezi," nikamwambia. "Ya ujane. Si ulisema hatungoji siku yenyewe ndiyo tuanze kujifunza?"

Alicheka, akaenda kujichukulia kikombe chake. Mimi nikaendelea. Nilichemsha yai moja. Nilikunja mashati yake na kuyapanga kwenye sanduku, kama ya kugawa. Kitandani nilihamia katikati, yeye akabaki amening'inia ukingoni na goti lake. Alipozungumza nilimjibu kwa adabu lakini kwa mbali, kama mtu anayejibu picha ya ukutani. Jioni alikuwa hacheki tena. Aliniuliza kama nina homa.

Nilidhani ninamtia adabu. Siku ya pili nilikuwa sebuleni nikishona pindo, yeye yuko uani anahangaika na bomba linalovuja. Alikuwa akikohoa kile kikohozi chake kifupi ambacho kimeniudhi tangu tuoane. Kwa ajili ya mazoezi nikajaribu kusikiliza kama kwamba kikohozi hicho hakipo. Nilijaribu kusikia bomba peke yake. Nikaweza, kwa muda mfupi tu, na nikashindwa kuona sindano kwa machozi. Mtu yuko hatua kumi kutoka nilipo, mzima, anagombana na bomba, nami nilimlilia kama aliyekwisha kuzikwa. Nikajuta kuuanza mchezo ule. Lakini mimi ni mkaidi, na siku ya tatu nikaweka tena kikombe kimoja.

Safari hii hakwenda kujichukulia chake. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, mikono mezani.

"Katika hayo mazoezi yako," akasema, "nimekufa lini?"

"Jumatatu."

"Na hela?"

"Ziko benki zote. Hukuzigusa."

"Umezifanyia nini?"

"Nimepanda treni," nikamwambia. "Nimelipia vitanda vyote viwili, asiingie mgeni. Mimi nimelala juu. Cha chini nimekiacha kitupu, kwa sababu ya goti lako."

Akalitazama goti lake, akalipapasa.

"Na huko mwisho wa reli kukoje?"

"Sikufika. Nilishuka njiani nikarudi. Hapakuwa na wa kumwonyesha."

Chai yangu ikapoa. Saa yake ya zawadi ilikuwa ikigonga ukutani na hakuna aliyeitazama.

"Hayo mazoezi yaache," akasema mwishowe.

"Anza wewe."

Alinyanyuka, akashika kabati kwa ajili ya goti, akaibandua ile karatasi ya uzeeni. Hakuichana, si mtu wa kuchana kitu. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akaniambia nivae viatu.

Kituoni aliinama kwenye dirisha la tiketi akauliza bei ya daraja la tatu. Midomo ilikuwa imezoea tu. Kisha akageuka akaniona, akamwomba karani vitanda viwili mpaka mwisho wa reli. Alizihesabu noti mara tatu kabla ya kuziachia.

Siku ya safari chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokitunza kichwani. Shuka zilikuwa za buluu zilizofifia na dirisha halikufunga vizuri. Alijilaza chini, nikamwekea mto chini ya goti. Mhudumu akapita akitangaza chai, mume wangu akauliza bei, akatikisa kichwa na kumwambia aendelee na safari yake. Nikasema kimoyomoyo kwamba huyu hatabadilika, nimekuja na yule yule.

Akafungua mkoba. Akatoa chupa ya chai ya nyumbani, kisha fulana yake iliyoviringishwa, na ndani yake vilikuwamo vikombe vyetu viwili vya jikoni. Akaweka changu kwenye meza ya dirishani, chake akakiweka kando yake, akanitazama kuona kama nimeviona. Nikamwambia amimine.