Mwenye Nyumba Darasani

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kila aliyepanda ngazi alifika juu na harufu ya rangi puani. Wakili alishaizoea. Kwa miaka kadhaa mama huyu alikuwa akiwapokea hapo watu wasio na uwezo wa kulipia kesi: wajane walionyang'anywa mashamba, vibarua walionyimwa ujira, wapangaji waliotupiwa vyombo nje. Jumamosi meza zilisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa, na watu wa mtaa wakaja kufundishwa sheria kwa lugha wanayoielewa.

Siku moja wafadhili wakapiga simu. Mama aliyezungumza alikuwa mpole kupita kiasi, na upole ule ndio uliomwonyesha Wakili kwamba mambo yameharibika.

"Kazi yenu tunaithamini sana," alisema. "Ni vipaumbele tu vimebadilika."

Ufadhili ungekoma mwisho wa mwaka. Wakili alishukuru, kisha akabaki ameikodolea macho feni ya darini kama mtu anayesubiri imwambie la kufanya.

Mchana alimweleza Mama Pacha, fundi cherehani aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa iliyosimamia ofisi. Mama Pacha hakulaumu mtu. Aliuliza tu, "Na hicho kipaumbele kipya, kinajua kwetu kunavuja?" Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Habari zilizagaa mtaani. Wiki hiyohiyo Mzee Kufuli akapanda ngazi.

Jina hilo alipewa na wapangaji wake. Mtu akichelewesha kodi, mzee hakugombana naye. Alipachika kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, akaenda zake. Mama Pacha aliwahi kurudi kutoka hospitali, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akakuta mlango umefungwa, na ndani mna cherehani na gauni la bibi harusi wa watu. Mwezi uliotangulia alikuwa amesikia darasani kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji bila amri ya mahakama. Alikuja kwa Wakili, wakaenda mahakamani, Kufuli akashindwa. Aliamriwa kufungua mlango na kulipa fidia.

"Shikamoo mzee," Wakili alisema, akimsogezea kiti.

"Marahaba, binti. Nimesikia mnafunga." Alifuta jasho. "Nina jengo jipya. Chumba cha mbele nawapa bure. Na mshahara wako wa mwaka mzima nautoa mimi."

Wakili alidhani hakusikia vizuri. "Kwa sharti gani?"

"Sina sharti. Siku ile hakimu aliposoma hukumu, nilimgeukia wakili wangu nikamuuliza, kumbe ni kosa? Akasema alijua tangu mwanzo. Aliniacha tu niendelee kumlipa." Alikunja kitambaa cha jasho. "Baba yangu alifungia watu milango, nami nikajua ndivyo kazi ilivyo. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanieleza."

Alipoondoka, Wakili alihisi mzigo umemtoka mabegani. Jioni alikwenda kwa Mama Pacha, akamkuta ameinamia cherehani, akamsimulia yote kwa furaha. Mama Pacha aliendelea kushona hadi mwisho wa pindo.

"Hukumsikia alivyoongea," Wakili alisema. "Mzee amebadilika kweli."

"Namsikia kila mwezi, dada. Bado ni mwenye nyumba wangu." Alikata uzi. "Sasa niambie. Akinifungia tena, nitakwenda kumshtakia ndani ya jengo lake, kwa wakili anayelipwa na yeye?"

"Unajua mimi siwezi kukugeuka."

"Mimi najua. Mpangaji mgeni, akiuliza hapa ni kwa nani akajibiwa ni kwa Kufuli, ataingia?"

Wakili aliaga akiwa ameudhika. Siku mbili alizunguka na swali lile kichwani. Kamati ilipokutana, alitaka mno kusikia mtu akimpinga Mama Pacha. Wengine walijaribu, kwa kuwa shida ilikuwa shida kweli, lakini mwishowe wote waliinamisha vichwa. Wakakataa.

Wakili ndiye aliyempelekea Kufuli jibu. Mzee alikunja uso. "Kwa hiyo mnanifukuza."

"Tunakataa pesa, mzee. Wewe mwenyewe darasa lako ni Jumamosi, kama la mtu yeyote."

Jumamosi mbili zikapita. Ya tatu akaja, akakaa benchi la nyuma na kofia yake magotini, na wapangaji wake wakaanza kukanyagana miguu chini kwa chini. Somo likiendelea, akanyoosha mkono.

"Na mpangaji akikaa miezi mitano bila kulipa, mimi nifanyeje? Nimtazame tu?"

Watu waliguna. Wakili aliwatuliza, akamweleza hatua kwa hatua: notisi ya maandishi, muda wa kusubiri, kisha mahakama. Mzee alisikiliza kama aliyeketi mbele ya daktari. Wiki iliyofuata alikuja na mwenye nyumba mwenzake.

Mwaka ulikwisha na ufadhili ukakoma. Walirudisha chumba, shule ya msingi ikawaazima chumba cha darasa kila Jumamosi, watu wazima wakakunja magoti kwenye viti vya watoto. Wakili alipata ajira katika kampuni moja. Hakuwa tena na nafasi ya kusimamia kesi, na siku alipomwambia kibarua mmoja hivyo, yule bwana aliitikia kwa adabu, akashukuru, akaenda zake. Baadaye ikasikika kwamba ameacha kudai. Wakili hakupata usingizi mzuri wiki ile.

"Huenda tulikosea," alimwambia Mama Pacha.

"Huenda," Mama Pacha alisema. "Yule kaka namfikiria hata mimi."

Jumamosi iliyofuata Mama Pacha alisimama darasani, akasema mbele ya watu kwamba Mzee Kufuli amempandishia kodi kabla mkataba haujaisha. Watu wakamgeukia mzee. Mzee alisema gharama zimepanda, kila mtu anajua. Kisha akamtazama Wakili. "Sema wewe."

"Umekosea, mzee," Wakili alisema. "Subiri mkataba uishe."

Kufuli aligeuza kofia yake mara moja, mara mbili. Alinung'unika kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Halafu akauliza notisi ya kupandisha kodi inaandikwaje, ili mkataba ukiisha aipeleke kama inavyotakiwa, na Mama Pacha, aliyekuwa bado amesimama, akamwambia asogee karibu na ubao, kutoka kule nyuma hataona.