Mguu wa Breki

Binti yangu tulimbandika jina la Sitaki akiwa na miaka mitatu, tukicheka. Alipofika kumi na minne hakuna aliyekuwa akicheka. Ukimwambia afunge mlango, anaufungua zaidi. Ukimwambia ale, ameshiba. Ukiondoa sahani, unataka kumuua kwa njaa. Na mimi si mtu wa kukubali kushindwa kirahisi, basi majirani walishaijua ratiba yetu: saa kumi na mbili asubuhi tunagombana kuhusu viatu, saa moja jioni kuhusu vyombo.

Kisha ikaja barua ya shule. Alikuwa amembishia mwalimu na kutoka darasani akibamiza mlango, mara ya tatu. Mwalimu mkuu alimpa wiki sita za mwisho. Akirudia, hana nafasi tena pale, na shule nyingine mbili zilikwisha kumkataa. Niliisoma barua ile mara mbili, kesho yake nikaenda shuleni.

Mshauri wa wanafunzi, mama mpole mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, hakuanza na habari za mtoto. Aliniuliza kazi yangu.

"Nafundisha udereva. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Mwanafunzi akiwa mbishi barabarani, unafanyaje?"

Hapo nikachangamka. "Nampa jambo moja tu, mapema, kwa sauti ya chini. Nikimpa matatu kwa pamoja atatugonga. Akipaniki, namwambia aegeshe pembeni, tunapumua, tunaanza upya. Gari likiwa kwenye mwendo sibishani na mtu. Na akipatia namwambia amepatia, palepale."

"Na Sitaki?"

"Sitaki ni mwanangu," nikajibu. Sijawahi kutoa jibu la kijinga kama lile.

Mshauri hakucheka. "Mtoto huyu hana roho mbaya, mama. Kila amri kwake ni ugomvi ambao lazima ashinde, na wewe kila siku unampelekea ugomvi mpya. Hata hapa, tumemtaja tu, mguu wako wa kulia umekanyaga sakafu mara nne."

Kweli tupu. Gari letu la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wangu umezoea kuitafuta popote ninapokaa. Mwanangu nilikuwa namkanyagia breki hata kabla hajawasha gari.

Jioni ile nikaanza. "Vyombo utaosha kabla ya kuoga au baada?"

"Sichagui."

"Sawa. Simu utaipata vikishaoshwa." Nikatoka jikoni. Kule kutoka kuliniuma, maana nilikuwa na maneno makali mdomoni, tena yaliyopangika vizuri.

Mshauri alinionya kwamba Sitaki atanipima, na alinipima haswa. Siku tatu vyombo vilikaa pale pale. Siku ya nne uzalendo ukanishinda, nikafoka mpaka sauti ikakauka. Nilipotulia nikaenda mlangoni kwake.

"Nisamehe, mwanangu. Ningeegesha kwanza."

"Kuegesha ndiyo nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza akiwa amenipa mgongo, kisha akasema, "Wanafunzi wako unawakataza kupiga honi bila sababu. Mimi unanipigia tangu asubuhi."

Yalinichoma, lakini sikubisha. Kesho yake nikasikia maji jikoni.

"Umeosha bila kukumbushwa. Asante."

"Usinizoee," akasema. Lakini masufuria yalikuwa yanang'aa.

Wiki ya tatu, katikati ya ubishi wa nguo, ni yeye aliyesema, "Mama, naegesha." Akaenda kukaa kwenye ngazi, na baada ya dakika tano akarudi tukamaliza mazungumzo kama watu. Mshauri akawaomba walimu wamruhusu vivyo hivyo: aombe, atoke taratibu, arudi ndani ya dakika tano.

Siku ya mwisho ya zile wiki sita tuliitwa ofisini, mshauri naye akiwepo. Mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache, akafungua faili. "Binti, naambiwa jana ulikataa kusoma mbele ya darasa."

Nikaliona taya la mwanangu likikakamaa. Mguu wangu ukakanyaga zulia, mdomo ukafunguka, tayari kumtetea na kumkaripia kwa wakati mmoja. Nikaufunga. Nikauvuta mguu chini ya kiti.

"Naomba kuegesha," Sitaki akasema, akanyanyuka, akatoka.

"Mnaona?" mwalimu mkuu akasema. "Ameondoka."

"Amefunga mlango kwa mkono, hakuubamiza," mshauri akasema. "Mpe dakika tano."

Nilitazama saa ya ukutani. Asiporudi, basi. Dakika ya pili, ya tatu. Sioni aibu kusema nilikuwa naogopa. Dakika ya nne mlango ukagongwa, akaingia, akakaa wima.

"Sikukataa, mwalimu. Niliomba nisome wa mwisho, kwa sababu nilikuwa na hasira na mwenzangu. Na nilisoma. Muulize mwalimu wa somo."

Mwalimu wa somo akaitwa. "Alisoma ukurasa mzima," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika ripoti haraka haraka nikaishia nusu."

Mwalimu mkuu alitutazama, akachukua kalamu, akaandika kwenye faili: anabaki. Kisha akamwambia mwanangu, "Samahani, binti," na Sitaki, mtoto wangu wa kubishia hata salamu, akajibu, "Haina shida, mwalimu."

Tulitembea mpaka kwenye gari. Nilipokaa tu, nikaweka viganja viwili kwenye honi na kuibonyeza mpaka mlinzi akatoka kibandani na madarasa yakajaa vichwa madirishani.

"Mama! Unanitia aibu! Honi bila sababu ni kosa!"

"Sababu ninayo," nikasema huku machozi yananitoka, nikabonyeza tena.

Sitaki akatazama dirishani, akatikisa kichwa, halafu akanyoosha mkono wake na kuibonyeza pamoja na mimi.