Hapana ya Fundi Lifti

Siku aliyostaafu, Fundi Lifti alipewa keki, saa ya ukutani na makofi ya nguvu. Kabla makofi hayajapoa, shemeji yake alikuwa amekwisha kumvuta pembeni mwa ukumbi.

"Shem, sasa tuzungumze kikubwa," alisema, sukari ya keki ikiwa bado mdomoni.

Huyo alikuwa ndugu wa mkewe, na mtaa mzima ulimwita Mradi. Alianza na kware, wakaishia kwenye sufuria yake mwenyewe. Akaja na uyoga, ukaota ukutani na kukataa katakata kuota kwenye mifuko. Kila mara alisema kosa lilikuwa mtaji mdogo, na kila mara macho yake yalikuwa yakimtazama Fundi Lifti.

Fundi Lifti hakuwa mjinga. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha ndani ya mashimo ya lifti, akining'inia juu ya giza la maghorofa na spana mkononi, na hakuna abiria aliyewahi kuumia kwa uzembe wake. Lakini kumwambia mtu hapana kulimshinda. Neno hilo lilimpanda hadi kooni, likageuka, likatoka "tutaona". Na "tutaona" ya Fundi Lifti kila mtu alijua maana yake: njoo kesho, uje na mfuko.

Alijijua, kwa hiyo kiinua mgongo kilipoingia alimchukua mkewe wakaenda benki. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali.

"Tunataka kuiweka amana ya muda mrefu," Fundi alimwambia binti wa benki. "Na isitoke bila sahihi yangu na ya mama huyu."

"Hata kwa dharura, mzee?"

"Dharura za kwetu zinavaa koti na kubisha hodi, mwanangu. Andika sahihi mbili."

Walitoka pale Fundi amejaa furaha kama mtu aliyetua gunia. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: pensheni ya kila mwezi na faida ya amana wangekula, na cherehani ingeleta ya ziada. Amana yenyewe ingekaa pale iwasubiri uzeeni.

Basi wakaanza kumiminika. Binamu aliyetaka kufungua saluni, jirani aliyeona kiwanja cha bei ya kutupa, na Mradi, bila shaka, mara kwa mara. Fundi aliwakaribisha wote kwa bashasha, akawasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema, "Mimi sina neno kabisa. Mwulize Mama Pacha."

Mgeni aliingia chumba cha cherehani akitabasamu, akatoka amenuna. Fundi alimsindikiza hadi barabarani, akimpigapiga mgongoni. Siku moja yeye mwenyewe aliingia chumba kile, kofia mkononi, kuombea pikapu kuukuu ya buluu aliyoipenda kwa miaka, ambayo mwenzake wa zamani alikuwa akiiuza. Mama Pacha alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

"Hata wewe?" aliuliza, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Fundi aliona mpango wake ni wa akili sana. Hakuona kwamba wifi alikuwa ameacha kumsalimia Mama Pacha, wala kwamba dukani walianza kumwita mama huyo Mkono wa Birika. Aliyaona hayo siku Mama Pacha alipoweka mkasi chini na kumwita.

"Baba Pacha, wewe mtaani umekuwa malaika. Mimi nimekuwa kufuli."

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka.

"Pesa tunaitunza wote, lakini lawama nazibeba peke yangu. Ndugu yangu wa tumbo moja ananipita barabarani kama nguzo. Mpango wa sahihi mbili ulikuwa wako, na nikaupenda. Sasa mbona hapana zote nazisema mimi?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Kesho nakwenda kwa mwanao aliyejifungua," Mama Pacha aliendelea. "Mradi atasikia nimeondoka kabla sijafika stendi. Ole wako umwambie asubiri nirudi. Jibu utampa wewe." Alisema akitabasamu, lakini sanduku alilifunga kama anayefunga geti.

Kesho yake, Mama Pacha alipokwisha kuondoka, Fundi alisimama mbele ya kioo cha kabati akaanza mazoezi. "Hapana," alisema, na mara mdomo ukamalizia, "labda mwezi ujao." Akajaribu tena. "Hapana, ingawa wazo ni zuri." Akaona afadhali aende dukani kununua mkate, akafanye majaribio hukohuko.

"Leo nikupe mkate, mzee?" aliuliza mwenye duka.

"Hapana!" Fundi alifoka, mwenye duka akaruka nyuma. Akatoka kifua mbele. Alipofika kona akakumbuka kwamba mkate ndio uliomtoa nyumbani, akarudi kuununua, uso umemshuka.

Mradi alifika siku iliyofuata, koti limepigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha Mama Pacha na kupewa chai.

"Barafu, shem," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zingemwibia. "Wauza samaki wanaitaka, wauza soda wanaitaka, harusi zinaitaka. Kuna hoteli imefunga, inauza mashine yake kubwa. Nataka usaini tu hapa. Sahihi ya dada nitaifuata hukohuko aliko, nimpe na hongera ya mjukuu."

Fundi alihisi "tutaona" ikimpanda. Akaimeza pamoja na chai.

"Hapana," alisema.

"Hapana ya kumsubiri dada?"

"Hapana yangu mimi. Usimwingize Mama Pacha." Akaweka kikombe chini. "Shem, siku zote nimekuwa nikimtuma dada yako aseme ninachoogopa kusema. Kosa ni langu. Sikiliza: mimi leo sina bosi wa kunilipa kesho. Nikiugua, nikivunjika mguu, ile amana ndiyo itakayonibeba. Sitaki pacha wangu waje kubeba mzigo ambao nimepewa nafasi ya kuubeba mwenyewe. Haitoki. Si kwa barafu, si kwa lolote."

Mradi alimtazama kama aliyesikia kabati likiongea. Akakunja karatasi zake, akaondoka, na chai hakuimaliza. Tangu Fundi amjue, shemeji yake hakuwahi kuacha chai.

Siku hiyo Fundi alikuwa ameshinda, lakini ushindi haukuwa na ladha. Ila kadiri siku zilivyokwenda aliona kitu cha ajabu: hakuwa akijuta. Alikuwa na hamu ya kumwona Mradi tu. Basi akabeba mfuko wake wa spana, akaenda kumbishia hodi.

"Pesa sina ya kukupa," alisema mlangoni. "Mikono ninayo. Twende tukaione hiyo mashine."

Mashine kubwa waliikuta uani kwa hoteli, imeoza tumboni. Kando yake palikuwa na ndogo, imefunikwa turubai. Fundi aliifungua, akaigonga hapa na pale, akazungusha feni kwa kidole.

"Hii inahitaji mkanda na usafi tu. Ukiinunua, nitaifufua."

"Na mtaji?"

"Una televisheni kubwa kuliko ukuta, shem."

Mradi alinuna njia nzima. Lakini televisheni aliiuza, mashine akainunua, na Fundi akaifufua. Na kwa kuwa safari hii pesa ilikuwa yake mwenyewe, Mradi aliilinda mashine ile kama yai: aliifuta, akaifunika, akamkatalia kila aliyetaka barafu ya mkopo, akiwemo mkewe. Wauza samaki walikuja kweli. Fundi naye alianza kulipwa kwa kuihudumia, na habari zikasambaa hadi kwa wenye mabucha na majokofu yao.

Mama Pacha aliporudi, ndugu yake ndiye aliyempokea stendi na kumbebea sanduku. Hakuwa ameliweka chini sebuleni alipoanza kulalamika.

"Dada, huyu mumeo ni mchoyo wa kupindukia! Anisamehe, lakini sijapata kuona."

"Kweli?" Mama Pacha alimgeukia mumewe, macho yanacheka. "Alikunyima?"

"Mchana kweupe! Tena kwa mdomo wake!"

Mama Pacha alikaa, akavua viatu, akaanza kusimulia habari za mjukuu: pua imetoka kwa babu, na sauti, masikini, imetoka kwa Mradi. Mradi alicheka, akajimiminia chai, akaongeza ya pili.

Mradi alipokwisha kuaga, Fundi alivuta kiti karibu na mkewe.

"Faida ya amana imeingia," alisema. "Nimeangalia. Inatosha nauli ya watu wawili. Safari ijayo kwa mjukuu tunakwenda wote."

"Tutaona," alisema Mama Pacha, akamwegemea begani.