Kiti cha Mgonjwa

Shangazi Evarista alipotoka hospitali bila titi la kushoto, wanawake wa kikundi chake cha ngoma walikuja kumpa pole. Walijaa sebuleni kwetu Makutupora, macho yote kifuani pake, usoni hakuna aliyemtazama. Waliomba sala ndefu, wakamaliza kuku wetu, na walipofika mlangoni wakanong'ona, kwa sauti ya kumtosha hata kiziwi, kwamba sasa mume atamwacha. Mume alikuwa uani akiosha sahani zao.

Hiyo ndiyo huruma yao. Ikishiba inaaga.

Hakuna aliyerudi kumwona akiunyoosha mkono uliokakamaa baada ya upasuaji. Kila asubuhi alisimama ukutani, vidole vikipanda taratibu kama mjusi mzee, nami nikiweka alama ya chaki pale vilipokomea. Alitaka kitu kimoja tu: kuipiga tena ngoma kubwa, ambayo ilikuwa yake tangu usichana. Daktari alipomruhusu, chaki ilikuwa imeshapita fremu ya juu ya mlango.

Siku ya harusi ya Hana, binti wa jirani aliyekuwa akiolewa kijiji cha Zuzu, tulikuta wamemwekea shangazi kiti cha plastiki chenye utepe, mbali na wapigaji. Ngoma kubwa ilikuwa mapajani mwa Hilda, mwenyekiti wa kikundi, ambaye huipiga kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Pumzika, dada," Hilda alisema, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Ukiinua mikono watu watakutazama."

Nilitamani kumjibu, ila ulimi wangu hunikimbia mbele za watu. Shangazi hakuuhitaji.

"Hilda, walikata titi. Ngoma naipiga kwa mikono. Nipe."

Wale wanawake wakacheka. Wiki nzima walikuwa wakikubaliana na Hilda kuhusu kile kiti, na sasa walimcheka yeye. Ndivyo walivyo. Hilda akainuka.

Shangazi akaibana ngoma kati ya mapaja, akaanza. Wimbo haujaisha, mkono wa kushoto ukachoka, ukashuka. Akaendelea na wa kulia peke yake. Hilda akawahi kunyoosha mikono aipokee ngoma. Shangazi akamtazama bila kuacha kupiga, kisha akakitazama kile kiti chenye utepe.

Hilda akaenda kukikalia.